Solo ya sekunde 48: shajara ya gita la umeme, Lamu

Naandika hii kwa sababu nilipoanza nilitafuta mtu wa pwani aliyejifunza solo za gita akiwa mtu mzima nisome alivyofanya, sikumpata, nikapata Wamarekani wenye vyumba vya studio. Mie ni fundi simu Langoni, nina miaka 34, muziki sikusomea. Nilijua kodi (zile noti zinazopigwa pamoja) sita saba za gita la kawaida, basi. Nitaongeza hapa kila hatua ikiisha, na bei nitaweka.

11 Januari 2025: gita limefika

Nimelitoa Malindi, mtumba, shilingi 13,500. Aliyeniuzia alikuwa akipiga hotelini akaacha. Likaja kwa basi mpaka Mokowe alafu boti, zote 650, lilikuwa limefungwa gunia la mchele na kuli wa gatini akaniuliza kama ni kasia. Ampu (kikuza sauti) ndogo ya wati 10 nimeipata hapahapa kwa 8,000.

Solo niliyochagua ni rhumba ya Kikongo, sebene, ule upigaji wa zama za Franco, mpiga gita wa Kongo, na bendi yake iliyoanza 1956. Kwa asiyejua, bendi zile zina gita la rithimu, mi-solo (la kati baina ya mawili hayo) na solo, na sebene ni pale waimbaji wanaponyamaza magita yakaachiwa uwanja. Kipande changu ni mizunguko 24 ya mipigo minne, spidi 120 kwa dakika, ukipiga hesabu ni sekunde 48 tu. Nikajiambia miezi miwili. Binamu yangu ana bendi Malindi, kaniahidi nikiweza ataniita mazoezini kwao niipige na wenzake.

Siku ya kwanza yote imekwenda kwa jeki, pale waya unapochomekwa, ilikuwa imelegea, ukisogea tu sauti yakatika. Jeki mpya 150, nikaichomelea mwenyewe kwa risasi. Vitufe vya sauti vilikuwa vyakwaruza, hio ni chumvi, nikavipulizia dawa ileile ya kusafishia bodi za simu vikanyamaza. Nyuzi zilikuwa juu sana, milimita tatu kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gita) ya 12, nikazishusha mpaka mbili kwa spana ndogo ya pembe sita. Nyuzi mpya za namba 9 mpaka 42 (ndo unene wake) zimetoka Mombasa, 1,100 na kifurushi 300.

26 Januari: hasara ya kwanza

Sauti yangu haikufanana na ya rekodi hata kidogo. Nikaamini nakosa kifaa, nikaagiza pedali ya distoshen, kifaa cha kukanyaga cha kukwaruza sauti, ya 4,500. Ujinga. Gita la sebene ni safi kama maji, lametameta, halikwaruzi. Pedali ile ilinifanya nisikike kama jenereta ya mashua. Nimeiuza kwa kijana wa Shela 2,800, nimekula hasara 1,700. Kilichosaidia ni cha bure: kupunguza besi kwenye ampu, kuongeza trebo, na kupiga karibu na pale nyuzi zinapofungwa, sio katikati.

Jambo jengine, ampu ikikaa karibu na meza yangu ya kazi ilikuwa yanguruma kama nyuki. Pikapu za gita hili (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) ni za koili moja moja, zanasa kila uchafu wa umeme, na mie nina chaja nane na taa ya kukuzia. Nikihamia kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, nikageuza gita kidogo upande, mngurumo waisha karibu wote. Wengine wenye pikapu za koili mbili hawana taabu hii.

15 Februari: wiki tatu za kupambana na kaseti

Hapa nataka msome polepole maana nimepoteza wiki tatu.

Nilikuwa natyuni gita (nakaza nyuzi zifikie sauti zake) kwa programu ya simu, nyuzi zote ziko sawa kijani, nikiweka rekodi nikipiga juu yake yasikika vibaya. Sio vibaya sana, hapo ndo taabu. Ingekuwa vibaya sana ningejua. Ilikuwa ni kama samaki aliyelala siku moja, wamla lakini huna raha. Nikalaumu masikio, nikalaumu gita, nikabadilisha freti juu nikashuka chini, nikipanda freti moja yazidi, nikishuka yapungua. Nikaanza kufikiri huenda waliokosea ni bendi wenyewe.

Kumbe rekodi yenyewe haiko kwenye noti yoyote. Imetoka kaseti ya zamani, na kaseti ikizunguka polepole kidogo wimbo wote washuka, magita, sauti, ngoma, vyote pamoja. Nilijua siku nilipoiweka simu ya pili kwenye spika na programu ya tyuna ikisikiliza ule wimbo wenyewe, pale besi inaposhika noti ya A peke yake. Mshale ukakaa chini ya katikati, kama senti 30, yaani karibu theluthi moja ya freti. Programu nyingi za tyuna zina mahali pa kubadilisha ile 440 (mitetemo ya noti ya A kwa sekunde), nikaweka 432, nikatyuni upya, nikapiga noti ya kwanza na rekodi na ikaingia kama ufunguo wake. Nikacheka peke yangu kama mwehu. (Kuna watu mtandaoni wanaosema 432 inaponya moyo na figo. Hapana jamani, hapa ni mota ya kaseti imechoka.)

Kwa hiyo anayefuata njia hii: kabla hujagusa noti ya kwanza ya solo yoyote ya zamani, tyuni gita kwa ile rekodi, usiifuate programu.

Kingine ni tabu za mtandaoni, yaani solo iliyoandikwa kwa namba za freti. Niliipata moja ya solo hii, nikaishika siku nne, mizunguko minane ya kwanza ilikuwa sawa, ya tisa mwandishi aliandika kitu chake tu. Nikaitupa. Sasa naweka wimbo kwa nusu spidi, nakata sekunde tatu tatu zijirudie, naimba kwanza kwa mdomo alafu natafuta kwenye gita. Ni polepole mno.

27 Februari: uzi wa pili unaopiga kelele

Siri ya sebene, au niliyoiona mie, ni kwamba solo haiendi noti moja moja, yaenda mbili mbili, sauti mbili zinatembea sambamba kama watu wawili wa harusi. Zile tamu zaidi zinapigwa uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa) na wa tatu, ule wa pili katikati unarukwa. Kwa A ni hivi: uzi wa tatu freti ya 6 na wa kwanza freti ya 5, kisha 7 na 7, kisha 9 na 9, kisha 11 na 10. Ukipanda na kushuka hapo tayari wasikia Kinshasa.

Taabu ni ule uzi wa pili. Kila nikipiga nao walia, plaaang, kama mtu asiyealikwa. Nilijaribu kupiga kwa kipiki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) haraka niuruke, wapi. Nilijaribu kuuweka kitambaa, ukafa na wengine. Dawa yake ni kidole kilekile kinachobana uzi wa tatu: usikisimamishe wima kama mwalimu wa gita la kawaida anavyotaka, kilaze kidogo, nyama ya ncha iuguse uzi wa pili bila kuubana. Waguswa tu, waziba. Na mkono wa kulia, uzi wa tatu piga kwa kipiki, wa kwanza uvute kwa kidole cha kati. Siku ya kwanza kidole kilitoka malengelenge. Siku ya tano nikawa nafanya bila kufikiri.

Ramadhani yaingia. Gita naliweka.

6 Aprili: kutu

Mwezi mzima sikuligusa, na sikulifungua. Baada ya Idd natoa kwenye mkoba, nyuzi tatu nyembamba zimekuwa kahawia, ukipitisha kidole lasikika kama msasa. Nyumba yetu iko hatua mia moja kutoka baharini na upepo waingia na chumvi yake mpaka kwenye sukari. Nyuzi nene zilizozungushiwa waya hazikudhurika sana, zile tatu ni chuma kitupu.

Nimeagiza seti mbili kwa pamoja, 2,200 na kifurushi 300. Tangu hapo: kila nikimaliza napangusa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba, na ndani ya mkoba nimetia vile vipakiti vya kukausha unyevu, muuza viatu hapa jirani huwa avitupa, sasa aniwekea. Mpaka sasa nyuzi zang'aa bado.

3 Mei: kosa langu lapita uchochoroni

Mpaka hapa nilikuwa najiona nimefika. Mizunguko yote 24 kichwani, spidi 100, kila siku baina ya alasiri na magharibi napiga kiwandani, adhana ikianza nazima ampu. Nilidhani kuta za mawe nene hazipitishi kitu, nimesahau kiwanda kiko wazi juu. Mtaa mzima ulikuwa wasikiliza. Bibi yangu ndo alikuwa akinipa habari, maana kile kipande cha mzunguko wa tisa nilikuwa nikikirudia mara arubaini kwa kikao, akapita na kanzu zake za kuanika akauliza, "Mwanangu, yeo huyamaliza tu?" (yaani leo hujamaliza tu?)

Basi juzi niko dukani nafungua simu ya mtu, nasikia mtoto wa jirani, ana miaka tisa, apita na punda wa babake amepakia mchanga na apiga mluzi. Solo yangu! Nikaacha bisibisi nikasikiliza. Mzunguko wa saba, wa nane, wa tisa, mwana apiga mluzi vizuri mashallah kuliko mie ninavyopiga gita. Nikajaa fahari. Nikamwita, nikamwekea rekodi yenyewe kwenye spika ya duka asikie ilikotoka.

Akasikiliza kachutama, mkono shingoni kwa punda. Ilipofika wa tisa akakunja uso. "Ami, huyu wa redio mbona akosea?"

Nikamwambia hakosei huyo, huyo ndo mwenyewe. Akakataa. "Aingia kuchelewa."

Nikairudisha. Mara mbili, mara tatu. Mteja wangu yuangoja simu yake. Na ni kweli, wallahi, kwenye rekodi ule mstari wa 9-9, 7-7, 6-5 hauanzi juu ya pigo la kwanza. Pigo lapita, besi yapiga, alafu nusu baadaye gita laingia, kama mtu anayesubiri wenzake wakae ndo aseme. Utamu wote wa kipande uko kwenye ile nusu ya kungoja. Na mie kwa miezi miwili nimekuwa naanza na pigo, pwaa, kama mtu anayegonga mlango wa deni. Nimelirudia kosa mpaka nimemfundisha mtoto wa watu.

Usiku nikajirekodi kwa simu, mara ya kwanza tangu nianze. Sikuwahi kujirekodi! Nilikuwa nasikiliza mikono yangu, sio sauti. Mbali na lile la tisa nikakuta mengine mawili: noti za mwisho wa mistari nazikata mapema kwa hofu ya kinachofuata, na spidi yapanda nikifika mahali napojua vizuri.

17 Mei: kufuta hakufutiki

Wiki mbili nimejaribu kurekebisha ule mzunguko wa tisa, sijafaulu. Polepole, spidi 60, nahesabu kwa mdomo, sawa. Nikifika 80 mkono warudi kule kule. Nimejaribu kuupiga peke yake, nimejaribu kuanza na mzunguko wa nane, nimejaribu kugonga mguu. Metronomi (ile programu ya kugonga mapigo) yaniambia moja, na mkono umeshaingia. Juzi nilikasirika nikaliweka gita siku mbili, mkono wa kushoto pia wauma kwenye kiungo, nabana shingo ya gita kama shingo ya kuku.

24 Mei: Malindi, mkono wa kulia

Nauli kwenda na kurudi 2,400. Binamu yangu kanipeleka kwa mzee mmoja aliyepiga gita miaka mingi kwenye mabendi ya hotelini. Kaniambia nipige. Nikapiga mizunguko kumi. Hakuangalia vidole vyangu vya kushoto hata mara moja, macho yake yalikuwa kwenye kipiki.

"Kijana, wapiga kwenda chini tu."

Nikaangalia. Kweli. Kila noti nashuka. Nikipiga moja nainua mkono mtupu nashuka tena, kama mtu anayetwanga kisamvu. Mzee akasema mkono wa kushoto wajua wimbo, wa kulia ndo umebaki Mokowe.

Alafu akanielezea na hapo nikaelewa kila kitu. Mkono wa kulia usisimame: chini juu, chini juu, wakati wote, uguse uzi usiuguse, kama anayepepeta mchele. Chini yaangukia pigo, juu yaangukia baina ya mapigo. Ule mstari unaoingia nusu baada ya pigo lazima uanze kwa kupiga kwenda juu. Na mie kwenda juu sikuwa nako! Ndo maana mkono ukausogeza mstari mzima mpaka juu ya pigo, mahali ambapo ungeweza kuupiga. Nikajiona mjinga kwa wiki zile nilizomlaumu mguu.

Mzee hakutaka pesa, nikamwachia halua. Kanipa na mawaidha ya kipiki, niache kile laini nichukue kigumu cha milimita moja, kinarudi juu bila kupinda. Vitano 250.

14 Juni: kuhama nyumba

Chini juu chini juu nyuzi tupu bila mkono wa kushoto, dakika kumi kila siku. Bibi kauliza kama gita limeharibika. Lakini hata mkono wa kulia ulipokuwa tayari, kwenye mzunguko wa tisa ule wa kushoto uliuvuta kwenye njia ya zamani. Vidole vikiona freti ya 9 uzi wa tatu na wa kwanza vinakumbuka lile kosa.

Basi nikahama. Noti zilezile zipo pia uzi wa nne na wa pili, freti tano juu: 14-14, 12-12, 11-10. Sauti ni ileile, nzito kidogo, lakini kwa mkono ni mahali pageni, hapana kumbukumbu hapo. Nikaanza upya kama solo nyengine kabisa, spidi 50, mara ya kwanza tu nikaanza kwa kwenda juu. Siku kumi na moja nikafika 120. Sijui kama yule mpigaji mwenyewe aliupiga kule au huku, na hainishughulishi.

Kwa anayenakili: ukilipigilia kosa mpaka likashika, usipigane nalo palepale lilipo. Tafuta noti zilezile kwengine kwenye shingo.

12 Julai: sekunde 48

Nimerekodi mara 31. Ya 27 ndo nzuri, ina doa moja mzunguko wa 18 ule uzi wa pili ulichungulia, nimeuacha. Wiki iliyopita binamu alikuja Lamu kwa harusi, nikamchezea, hakusema kitu akaniuliza Agosti niko wapi, mazoezi ya bendi ni Alhamisi. Kwao watatyuni 440 kwa hiyo mkono wangu usitishike.

Hesabu mpaka leo: gita na usafiri 14,150, ampu 8,000, nyuzi zote na vifurushi 3,900, jeki 150, hasara ya pedali 1,700, Malindi 2,400, vipiki 250. Jumla 30,550. Muda: miezi sita, mmoja wa Ramadhani utoeni. Ningejirekodi Februari na nikaenda kwa mzee mapema ningeokoa kama miezi miwili na nusu, pedali nisingeinunua.

Yule mtoto nilimwita nikampigia mzunguko wa tisa mpya, nilivyoufanyia kazi mie. Kausikiliza. Nikamwambia haya piga mluzi. Akapiga, ule wa zamani, juu ya pigo, pwaa. Nikamwambia sio hivyo, ngoja kidogo kabla hujaingia. Akapiga tena vilevile. Mara ya tatu akachoka nami.

"Ami, wewe piga wako."

Akamvuta punda wake wakenda, mluzi wasikika mpaka kona ya msikiti. Hatua ya pili ni sauti ya mi-solo ya wimbo huohuo, nitaandika nikitoka Malindi.